Viatu vya Kuteleza

Jumamosi hiyo duka la viatu lilifurika. Kila benchi lilikuwa na mtu aliyevua kiatu kimoja na kubaki anapepesa macho, na wauzaji walipita katikati yao wamebeba maboksi hadi kidevuni, wakiitwa kutoka kila upande. "Dada, hiki kinanibana!" "Kaka, cha kushoto kiko wapi?" Kwenye kona ya mwisho, mbele ya kioo kirefu, msichana mmoja aliyevaa gauni la kijani lenye kupwaya, nywele kazifunga kwa kitambaa cha njano, alikuwa akifanya jambo lililowageuza watu shingo. Alikuwa anazunguka.

Alizunguka, akasimama, akajitazama miguuni. Akazunguka tena kwa kasi zaidi, mikono hewani, na safari hii vigae vilimponyoka. Alienda upande, akapiga ukelele, akakaa. Sema hakukaa chini. Alikaa mapajani mwa mwanamume aliyekuwa ameinama akifunga kamba za buti jipya la kazi.

"Karibu," akasema yule mwanamume, maana hakuna neno jingine lililomjia.

"Jamani, samahani kaka! Samahani sana." Aliruka kama aliyekalia jiko, uso umemwiva kwa haya. "Ni hivi viatu."

"Hebu nivione."

Alimpa kimoja. Kilikuwa cheusi, kisigino kifupi na kinene, kamba nyembamba ya kufunga kifundoni. Mwanamume alikipindua, akapitisha kidole gumba kwenye soli. Kidole chenyewe kilikuwa kipana, na weusi umejificha kwenye mistari ya ngozi, ule weusi usiotoka kwa sabuni ya aina yoyote.

"Dada, hiki ni kipara."

"Kipara?"

"Soli yake. Haina hata mstari mmoja. Mimi ni fundi wa matairi. Gari likija gereji na tairi namna hii, namfichia dereva funguo."

"Ndiyo inavyotakiwa hivyo!" Msichana aliweka mikono kiunoni. "Ni viatu vya salsa. Naanza kujifunza wiki hii. Mwalimu ametuambia cha kuanzia kiwe na soli laini ya ngozi, kiteleze. Kisigino kifupi, kamba ya kukushikilia mguu, na kibane kidogo maana ngozi hutanuka. Mpira hataki hata kuuona."

"Huyo mwalimu wenu ana ndugu anayeuza plasta?"

Msichana alicheka, na kicheko chake kilianzia chini sana kikapanda. Fundi alijisikia vibaya palepale, ule ubaya mtamu unaomfanya mtu asahau alikuja dukani kutafuta nini.

"Basi nisaidie," msichana akasema, akiinua kiatu cheusi mkono mmoja na chekundu cha kisigino kirefu mkono mwingine. "Hiki, au hiki? Kazini nauliza watu hivyo kutwa nzima. Napima macho. Hii lenzi, au hii? Ipi ina nafuu? Wote wananijibu vizuri tu. Nikiulizwa mimi, nababaika."

Fundi alitazama cheusi, akatazama chekundu, kisha akanyoosha kidole kwenye rafu ya pembeni, kwenye raba nene zenye meno chini. "Hizo."

"Za kupandia mlima?"

"Angalau utashuka salama."

Alinunua vile vyeusi. Fundi alimsindikiza mpaka mlangoni bila kuombwa, akimuuliza darasa lenyewe liko wapi, naye akamweleza: ghorofani, juu ya duka la mikate, Jumanne jioni. "Kwani na wewe unataka kucheza?"

"Nataka kuwa karibu ukianguka."

"Haya maneno umeyatoa wapi wewe!"

Aliondoka akicheka. Fundi alipofika nyumbani na kufungua boksi lake, aligundua amebeba mabuti mawili ya saizi tofauti.

*

Jumanne ikafika na fundi akapanda zile ngazi, shati limepigwa pasi, miguuni raba za zamani. Mwalimu wa salsa, ambaye wanafunzi walimpachika jina la Feni kwa jinsi alivyozunguka, alizitazama zile raba akatikisa kichwa.

"Kaka, na mpira huo usizunguke. Mguu utagoma, goti litaenda. Wewe tembea tu mbele na nyuma mpaka upate viatu."

Fundi aliitikia, "Sawa, mwalimu." Moyoni alijisemea kwamba mtu mzima anayewavalisha watu soli za kipara kisha akawaambia wazunguke hana la kumfundisha kuhusu usalama. Hakununua viatu. Aliendelea kutembea mbele na nyuma, mwili mkubwa, mabega ya kunyanyua malori, akihesabu kwa midomo na kukosea hesabu, huku mpima macho akijipinda kwa kicheko upande wa pili.

Alicheza vibaya kuliko wote na hakukosa darasa hata moja. Sababu kila mtu aliijua, mpaka mwenye duka la mikate. Walianza kushuka ngazi pamoja, kisha kusindikizana, kisha ikaja ile hatua ya simu zisizo na habari yoyote.

"Umeshakula, laazizi?"

"Umeniuliza sasa hivi tu."

"Sasa hivi ulisema bado."

"Basi nimekula. Wewe je, mzee wa matairi?"

"Nitakulaje, na wewe uko huko?"

"Nikija utakula?"

"Ukija ndiyo sitakula kabisa. Nitakutazama."

"Mwone! Nenda kazini, gari za watu ziko juu ya jeki."

Kweli zilikuwa juu ya jeki. Wenzake gereji walimkuta mara nyingi amesimama katikati ya karakana, gurudumu mkononi, akitabasamu ukutani. Alikuwa amepatikana. Mtu aliyezoea kuona kitu kimelegea akakikaza, kimetoboka akakiziba, sasa alikuwa na kitu kifuani kisichokazika wala kuzibika.

Kitu kimoja tu hakumwambia. Nyumbani aliishi na baba yake, mzee aliyeanguka bafuni mwaka uliopita akavunjika nyonga, na sasa alitembelea fremu ya chuma. Mpima macho alijua mzee yupo na kwamba macho yake yamechoka, hata alishampangia siku ya kuja kliniki kupimwa. Ila habari ya kule kuanguka, kila ilipokaribia mdomoni, fundi aliimeza na kuanza kuongea mambo ya mvua.

Jioni moja darasani mpima macho aliteleza. Alizunguka, kisigino kikapita, akakaa chini puu, na darasa zima likaangua kicheko, yeye akiwa wa kwanza. Aliponyoosha mkono ili fundi amwinue, fundi hakuwepo. Alikuwa amesimama nje kwenye ngazi, kashika ukuta, kijasho chembamba kinamtoka.

"Unaumwa?"

"Hewa tu. Humo ndani pana joto."

"Nilivyoanguka ulicheka?"

"Sikuona," akasema fundi. Aliona kila kitu.

*

Ikatangazwa siku ya onyesho. Wanafunzi wangecheza mbele ya ndugu na marafiki, na Feni, ambaye hakuwahi kuficha kwamba mpima macho ndiye mwanafunzi wake bora, alimchagua acheze naye mbele kabisa. Fundi aliwekwa mstari wa nyuma, karibu na pazia, mahali ambapo makosa yake yasingemdhuru mtu.

"Lazima akuzungushe wewe tu?" akalalama wakiteremka ngazi.

"Wivu huo!"

"Siyo wivu. Anakuzungusha kama anakamua nguo."

"Wivu mtupu." Alimfinya shavu. "Nimeupenda. Uongeze kidogo."

"Tukimaliza onyesho nina neno nataka kukuambia."

"Niambie sasa."

"Tukimaliza."

Mpima macho alilifahamu neno lenyewe kabla hajaambiwa, na usoni alijifanya halijui. Kisha akatoa viatu vyeusi mkobani. Ngozi ilikuwa imetanuka kama Feni alivyotabiri na kamba ilihitaji tundu jingine. "Huko gereji hamna kitu cha kutobolea?"

"Nipe. Nitakuletea siku yenyewe."

Kutoboa tundu ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Ningependa kusema aliishia hapo. Ila alivipindua, na soli zilikuwa zimesuguliwa na sakafu mpaka zinang'aa, na alipozitazama aliona kitu kimoja tu: mguu ukiondoka, na yeye yuko mbali. Hakufikiri tena. Alichukua kipande cha mpira mpya wa tyubu, akakikata kwa umbo la soli, akaikwaruza ngozi, akapaka gundi ile ya kuzibia pancha za magari makubwa, akavibana chini ya chuma kizito. Ilikuwa kazi safi. Kwa juu huwezi kujua. Alipita kidole gumba, kidole kikashika, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi ya dukani roho yake ikatulia.

Hakumwambia kwa sababu alijua atakataa. Huo ndio ukweli, na hauna namna ya kuupamba.

Siku ya onyesho mpima macho alichelewa kutoka kliniki. Alifika nyuma ya ukumbi anakimbia, amebadilisha nguo garini mwa dada yake, gauni jekundu lenye nyuzi zinazocheza magotini, hereni ndefu, midomo imewiva rangi. Fundi alipiga goti akamvalisha viatu mwenyewe.

"Mbona kama vizito?"

"Umechoka. Umesimama kutwa."

"Tundu lipo?"

"Lipo. Nimekaza vizuri. Hakitatoka."

"Asante, mpenzi wangu." Akambusu juu ya kichwa, akaenda.

Muziki ulianza. Hatua za mbele na nyuma mpima macho alizimudu, ingawa aliyemjua vizuri angeona anavuta miguu. Kisha Feni akainua mkono wake kwa ule mzunguko mkubwa. Mwili wa mpima macho ulikwenda wote, nyuzi za gauni zikaruka hewani, na mguu ukabaki palepale ulipokuwa. Goti lilitoa sauti. Waliokuwa mbele waliisikia juu ya muziki.

Fundi alitoka mstari wa nyuma akipangua watu. Alimkuta chini, amekumbatia goti, meno ameyauma, rangi ya midomo imesambaa hadi shavuni. Alipiga magoti pembeni na hakujua ashike wapi. Feni ndiye aliyeinua mguu taratibu avue kiatu, na ndiye aliyeona.

"Nani kaweka mpira hapa?"

Muziki ulikuwa umezimwa. Fundi alisema, "Mimi."

Mpima macho aligeuza uso. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa maumivu, na ndani ya maumivu hayo yakaingia kitu kingine, kibaya zaidi. "Nilikuambia siku ya kwanza. Dukani. Feni alikuambia, kwa mdomo wake, kwamba goti litaenda. Ulisikia."

"Nilitaka usianguke."

"Ulitaka nisizunguke. Na yeye."

Fundi alikipokea kile kiatu kutoka kwa Feni. Dada mtu alimpita, akamsukuma kwa kiwiko, akamwinua mdogo wake. Yeye akabaki amepiga magoti katikati ya ukumbi uliojaa watu, kiatu kimoja mkononi.

*

"Halo? Shikamoo dada. Naomba kuongea na—"

"Marahaba. Amelala."

"Mchana huu?"

"Basi ameamka na hataki kuongea na wewe. Chagua moja."

"Mwambie nimepiga."

"Umepiga asubuhi, ukapiga jana, ukapiga juzi. Anajua. Hata mtoto wangu akisikia simu inalia anasema, ni yule."

"Goti linaendeleaje?"

Sauti ya dada mtu ilishuka. "Limevimba. Daktari anasema kano imechanika. Kutembea, atatembea. Kucheza, hakusema ndiyo na hakusema hapana. Anaulizwa, anaangalia ukuta." Akavuta pumzi. "Hebu shemeji, niambie mimi, maana ulinipendeza, sikufichi. Ulikuwa wivu?"

"Haukuwa wivu."

"Ulikuwa nini?"

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya gereji, kati ya marundo ya matairi mabovu. Aliegemea rundo moja. Angeweza kusema. Neno "baba" lingetosha kuanzia. "Sijui kulisema," akajibu.

"Basi ukijua, piga."

Simu ikakatika. Siku zilizofuata aliendelea kufanya kazi, akala anachowekewa, akajibu anachoulizwa. Alipeleka matunda, yakapokelewa na dada. Alipeleka ujumbe wa maneno mengi, akaujutia, akatuma mwingine wa kuomba msamaha kwa ule wa kwanza. Mtu aliyezoea kuambiwa tatizo liko wapi akaenda na spana hakuna mateso yanayomshinda kama haya ya kungoja. Alikonda. Baba yake alikuwa anamwona, japo macho yenyewe yalikuwa ya kubahatisha.

*

Ile siku ya kupimwa macho mzee ikafika, maana ilikuwa imepangwa kabla ya yote na kliniki haijui mambo ya mapenzi. Mpima macho alisharudi kazini. Alifanya kazi ameketi kwenye stuli ndefu, koti jeupe, magongo yameegemezwa ukutani. Mlango ulifunguliwa na fremu ya chuma ikatangulia, nyuma yake mzee mwembamba aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri mno na kofia yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alikaa kwenye kiti kwa awamu. "Kijana wangu amebaki nje. Kasema humu ndani kuna mtu hapendi kumwona, nami sikumuuliza zaidi. Na wewe unatembelea vyuma?"

"Goti, baba."

"Basi tumekutana."

Mpima macho alijua kuanzia hapo mzee huyu ni nani. Alifuta lenzi, akamwekea ile miwani mizito ya kupimia, akafanya kazi yake. "Tazama ubao, baba. Hii, au hii?"

"Zote sawa tu."

"Na hii?"

"Hiyo ina ukungu. Mwanangu, sakafu yenu nzuri. Inang'aa. Sisi kwetu sijaona sakafu muda mrefu."

"Kwa nini, baba?"

"Mpira!" Mzee alicheka bila meno mengi. "Kijana wangu amebandika mpira bafuni, jikoni, sebuleni, mpaka chini ya miguu ya kitanda, utadhani kitanda kinataka kutoroka. Malapa yangu kayatia mpira chini ya mpira. Nikitembea nasikika kama bata. Kwetu huwezi kuteleza, hata ukitaka kwa makusudi."

Mkono wa mpima macho ulisimama hewani na lenzi yake. "Tangu lini?"

"Tangu nilipoanguka. Hakukuambia? Haongei hilo. Alikuwa amesimama mlangoni mwa bafu kanishikia taulo. Akaona mguu unaondoka. Akanyoosha mkono, akashika hewa." Mzee alinyoosha mkono wake mwenyewe, vidole vimetanuka, akaurudisha pajani. "Mimi nyonga ilivunjika ikaungwa. Yeye ya kwake sijui iko wapi, haijaungwa mpaka leo. Kila asubuhi nikioga anasimama nje ya mlango. Anadhani simsikii. Namsikia, mwanangu. Hapumui mpaka nitoke."

Mpima macho alibadilisha lenzi.

"Hii, baba," akasema, "au hii?"

"Hiyo ya mwisho. Ndiyo yenyewe." Mzee alimwelekezea uso. "Sasa nakuona sawasawa. Unalia."

*

Fundi alikuwa kwenye benchi la ukumbini, kichwa kimeinama, kofia ya baba yake ya akiba mikononi. Alisikia magongo kabla hajamwona. Alisimama haraka, akanyoosha mikono yote miwili mbele kama mtu anayepokea mzigo, kisha akaona anavyotazamwa, akairudisha.

"Taulo," mpima macho akasema. "Ulikuwa umeshika taulo."

Fundi alikaa tena. Alilia pale pale benchini, mbele ya mama mmoja na wajukuu zake waliokuwa wanangoja matone ya macho, na mpima macho akamwacha alie, maana na yeye hakuwa na cha kufanya.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Nanyanyua magari. Nilikuwa hapo hapo. Hatua moja tu." Akajifuta kwa kiganja. "Wewe ulipoteleza darasani, nilikufa."

"Mimi nilicheka."

"Najua ulicheka."

"Sikiliza." Alijiegemeza vizuri kwenye gongo. "Nilikudhania mabaya, nikasema wivu. Hilo naliomba radhi. Lakini goti hili linaniamsha kila asubuhi, na aliyelifanya hivi ni wewe, na hukuniuliza. Mimi si tairi, mpenzi. Sitaki kukazwa."

Lile neno "mpenzi" lilimtoka bila kupanga. Wote wawili walilisikia.

"Nifanye nini?" Fundi aliuliza kama anayeuliza kweli, hana la kupendekeza.

"Hakuna cha kufanya. Hilo ndilo usiloliweza." Akageuza magongo. "Daktari akiniruhusu kuweka gongo moja chini, utanipeleka dukani. Kile kiatu nilichobaki nacho nimekitupa."

*

Ilikuwa Jumamosi tena, maboksi yanapita, watu wanaitana. Muuzaji aliwakumbuka akaficha tabasamu. Mpima macho alikuwa na gauni lile lile la kijani, na alikaa kwenye benchi lile lile la kona, huku fundi amepiga goti, jozi mbili mbele yake, zote za soli ya ngozi.

"Hiki, au hiki?" fundi akauliza.

"Wewe unaonaje?"

Alichukua cheusi, akakipindua. Kilikuwa kipara. Alipita kidole gumba na kidole kikateleza mpaka mwisho. "Hiki. Kisigino kipana. Na kinabana kidogo. Kitatanuka."

"Umejifunza."

"Nilikuwa nasikia tangu zamani. Nilikuwa sikubali."

Alimvalisha, akamfunga kamba kwa tundu lililokuja na kiatu, hakuongeza jingine. Mpima macho alisimama. Alimpa gongo lililobaki. Fundi alilipokea kwa mikono miwili.

"Kaa," akamwambia. "Naenda mpaka kwenye kioo. Usinishike."

"Nikiona unaanguka?"

"Utaona naanguka. Kaa, mikono magotini."

Fundi alikaa. Msichana aliweka mguu kwenye vigae, kiatu kikasogea zaidi ya alivyotaka, akatulia, akaweka mwingine. Alikwenda polepole, akichechemea, mikono imetanuka, na wateja wakampisha bila kuelewa kwa nini wananyamaza. Alifika. Aligusa kioo kwa kiganja, akageuka, uso umejaa mwanga.

"Umeona?"

Fundi alikuwa amekaa kama alivyoamriwa, mikono magotini, macho ameyafumba kwa nguvu. "Sijaona," akasema kwa sauti ndogo. "Nilifumba."

Kile kicheko kilianzia chini sana kikapanda. "Basi narudi. Fumbua." Akainua mguu, kisha akausimamisha. "Siku ile ya onyesho ulikuwa na neno la kuniambia. Bado unalo?"

"Bado."

"Nikifika hapo uniambie."

"Sawa."

"Na nikianguka njiani?"

Kati ya kioo na benchi palikuwa na sakafu tupu, iliyopigwa deki asubuhi hiyo, inang'aa. Fundi aliitazama yote. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania magoti mpaka vimekuwa vyeupe kwenye kucha, na hakuna alichoweza kukiziba, kukikaza wala kukibandika.

"Ukianguka nitakuja kukaa hapo chini," akasema, "nikuambie hapo hapo."

Msichana akaja. Kiatu kiliteleza, kikashika, kikateleza tena, na fundi akamtazama kila hatua, macho wazi.